Adolphe Sax, Fundi Aliyebuni Saksafoni

Katika nchi ya Ubelgiji uko mji mdogo uitwao Dinant, uliojengwa ukingoni mwa mto Meuse, chini ya jabali refu. Mtu akivuka daraja la mji huo huona saksafoni kubwa zimesimamishwa huku na huku, nazo zimepakwa rangi za kila namna. Hazipigwi, ni za mapambo tu. Watu wa Dinant waliziweka kwa heshima ya mwana wa mji wao aliyeibuni ala hiyo, tena akaipa jina lake mwenyewe. Huyo ni Adolphe Sax, aliyezaliwa hapo tarehe 6 Novemba 1814.

Huenda msomaji umekwisha kuiona saksafoni katika bendi ya askari polisi, au katika bendi ya dansi. Ni bomba la shaba, jembamba penye kinywa, nalo huzidi kupanuka mpaka mwisho wake hufanana na ua lililochanua. Katika zile kubwa bomba hupindwa chini likarudi juu, mfano wa kiko. Mwilini mwake mna matundu ishirini na zaidi, na kila tundu lina kifuniko chake. Mpigaji hupuliza utete mmoja uliofungwa kwenye kipande cha mdomoni, na kwa vidole vyake hufungua na kufunga vifuniko. Ingawa imefanyizwa kwa shaba, haihesabiwi pamoja na tarumbeta, maana sauti yake hutokana na utete unaotetemeka, kama ilivyo zumari.

Baba yake, Charles-Joseph Sax, alikuwa fundi wa mbao kabla ya kuwa fundi wa ala. Husemwa kwamba alitamani sana kupiga muziki pamoja na wenziwe, lakini hakuwa na fedha za kununua ala. Basi akajifanyizia yake kwa mikono yake. Adolphe alipokuwa angali mtoto mchanga, jamaa yote ikahamia mji wa Brussels, na huko baba akafungua karakana. Siku zile Ubelgiji haijapata kujitawala. Ilikuwa chini ya William wa Kwanza, mfalme wa Uholanzi, naye akamfanya Charles-Joseph kuwa mtengenezaji wa ala wa baraza lake. Watoto wake walikuwa kumi na mmoja, na Adolphe ndiye kifungua mimba.

Utoto wake ulikuwa wa hatari mfululizo, na kama wasingaliyasimulia watu waliomjua, tungeyadhani kuwa ngano. Inasimuliwa kwamba alianguka ngazini kutoka orofa ya tatu, akagonga kichwa chake jiweni, watu wakamdhania amekufa. Mara nyingine alikunywa maji yaliyotiwa asidi kali, akidhani ni maziwa. Akameza sindano. Akaungua kwa baruti iliyolipuka. Na alipokwisha kupona, akaangukia kikaango cha moto. Zaidi ya mara moja alilala katika chumba kilichowekwa vitu vilivyopakwa vanishi, nusura mvuke wake umwue. Hata siku moja akapigwa na jiwe kichwani, akatumbukia mtoni, akaopolewa akiwa karibu na kufa. Majirani wakamwita mzuka, na mama yake alikata tamaa kabisa, akiamini kwamba mtoto huyo amezaliwa kwa mabaya na hataishi. Naye akaishi miaka 79.

Karakana ya baba yake ndiyo iliyokuwa shule yake ya kwanza. Humo akajifunza kukereza mti, kutoboa bomba, kukunja bamba la shaba, kulehemu, kupiga tupa na kung'arisha. Baadaye akaingia katika chuo cha muziki cha Brussels, akajifunza filimbi na klarineti, hata akawa mpigaji hodari. Kwa hiyo aliijua ala kwa pande zote mbili, upande wa mwenye kuitengeneza na upande wa mwenye kuipuliza. Jambo hili si dogo. Fundi asiyepiga huamini jicho lake na kipimo chake. Apigaye huisikia kasoro kwa pumzi zake kabla hajaiona. Mwaka 1830, naye ana miaka kumi na mitano tu, alipeleka kwenye maonyesho ya Brussels filimbi na klarineti alizofanyiza kwa pembe za ndovu, kitu kigumu ambacho mafundi wengi wazima hawakukithubutu.

Kazi yake ya kwanza iliyomtia sifa ilikuwa kuponya ala ya watu wengine. Klarineti ya sauti nzito ilikuwako kabla yake, lakini wapigaji waliilalamikia kwa sababu sauti zake hazikuwa sawa. Shida yenyewe ilikuwa hivi. Ala ya sauti nzito sharti iwe ndefu, na matundu yake sharti yawe mapana na kuachana mbali, mbali kuliko mkono wa mtu uwezavyo kufika. Mafundi wa kwanza waliyatoboa matundu mahali vidole vilipofika, wakalegeza haki ya sauti ili kupatana na mkono. Sax akageuza shauri. Akayatoboa mahali sauti ilipoyataka, kwa upana ulioitaka sauti, kisha akatafuta njia ya kuyafunga kwa vifuniko vinavyovutwa na nyenzo za chuma. Mwaka 1838 akapata hati ya serikali ya kumlinda, ili mtu mwingine asiige kazi hiyo bila ruhusa yake.

Lakini mtu akiacha kuziba tundu kwa kidole, akaliziba kwa kifuniko cha chuma, huingia katika taabu mpya. Ncha ya kidole ni laini, nayo hujibana yenyewe; chuma juu ya chuma hakifungi sawasawa. Ndiyo maana ndani ya kila kifuniko hutiwa kitakia, yaani kipande cha mviringo cha sufu iliyoshindiliwa na kuvikwa ngozi laini. Kitakia kikilala sawa juu ya mdomo wa tundu, pumzi haitoki. Kikiinama upande mmoja kwa unene wa unywele, ala huanza kukataa. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana pasipo kitakia saksafoni isingaliwezekana kabisa.

Sax alipoisikiliza bendi ya askari wa siku zile aliona imepungukiwa. Ala za mti, kama klarineti, zilikuwa na sauti tamu, lakini nje uwanjani ilipotea. Ala za shaba zilikuwa na nguvu, lakini zilizifunika zenzake. Akatafuta ala itakayosimama katikati, yenye nguvu ya shaba na ulaini wa utete. Akatwaa kipande cha mdomoni mfano wa kile cha klarineti, akakiunga na bomba la shaba lenye kupanuka kama pembe. Kwa bomba la namna hiyo akapata faida kubwa. Klarineti, ambayo bomba lake halipanuki, mpigaji akifungua kitundu cha juu ili sauti iruke, huruka hatua kumi na mbili, na vidole hulazimika kujifunza njia ya pili. Saksafoni huruka hatua nane tu, na sauti ya juu huja kwa vidole vile vile vya sauti ya chini. Askari aliyekuwa hajui sana muziki aliweza kujifunza upesi.

Mwaka 1841 palikuwa na maonyesho mengine mjini Brussels, na Sax akaleta kazi zake nyingi. Husimuliwa kwamba saksafoni yake ya kwanza aliileta pia, naye akaificha kwa nguo, akichelea kuigwa. Na mtu asiyejulikana akaipiga teke alipogeuka, ikaharibika. Waamuzi waliona kwamba anastahili medali ya dhahabu, lakini wakamnyima kwa ajili ya ujana wake, wakatoa sababu kwamba akiipewa sasa hawatakuwa na kitu cha kumpa mwaka wa mbele. Wakampa ya chini yake. Sax akaikataa. Baadhi ya watu walimlaumu kwa kiburi, na kwa kweli hakuwa mtu mpole. Lakini fundi aliyeambiwa kwamba kazi yake ni bora kuliko zote, kisha akanyimwa thawabu kwa sababu ya umri, hawezi kulaumiwa sana akikasirika.

Mwaka uliofuata, 1842, akaenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa, mfukoni ana faranga chache tu. Huko alikuwako mtungaji wa muziki mwenye jina kubwa, Hector Berlioz, ambaye pia aliandika katika magazeti. Berlioz akazichunguza ala zake, akastaajabu, akaandika habari zake katika gazeti mwezi wa Juni mwaka ule ule, akiisifu hasa ala mpya ya shaba na utete. Kwa maandishi hayo mlango ukafunguka. Sax akakopa fedha, akafungua karakana, akaajiri mafundi.

Tarehe 3 Februari 1844 Berlioz akaongoza wimbo alioupanga kwa ala sita za kupuliza, zote kazi ya Sax, na moja ilikuwa saksafoni. Sax mwenyewe ndiye aliyeipiga. Inasimuliwa kwamba siku ile ilikuwa haijamalizika, na sehemu zake zilishikamana kwa uzi na lakiri. Alipofika mahali penye sauti moja ndefu, aliishika asiiachie, kwa kuwa hakuwa na hakika vidole viende wapi baadaye. Watu wakaisikia ile sauti ndefu, wakashangilia sana.

Kila fundi wa saksafoni anapoisikia hadithi hiyo hucheka, kwa maana ajua uzi na lakiri vina mwisho wake. Ni vema tusimame kidogo hapa, tuangalie kazi ya kuitunza ala hii na kuitengeneza ikiharibika, maana humo ndimo uonekanapo werevu wa Sax, na udhaifu wa kitu alichokibuni.

Pumzi ya mpigaji hupita bombani mpaka ikutane na tundu la kwanza lililo wazi. Ili kutoa sauti nzito ya chini kabisa, sharti vifuniko vyote vifungwe, toka juu mpaka chini. Kwa hiyo kitakia kimoja kibovu karibu na kinywa huiharibu kila sauti iliyo chini yake. Mpigaji huja kwa fundi akilalamika kwamba sauti za chini hazitoki, akionyesha kwa kidole vifuniko vikubwa vya chini. Fundi mzoefu hamsikilizi sana, huanza juu. Huingiza taa ndogo ndani ya bomba, katika chumba chenye giza, kisha hufunga vifuniko kimoja kimoja kwa kidole chepesi. Nuru ikipenya pembeni, hapo ndipo pumzi huvuja. Au huweka kikaratasi chembamba chini ya kitakia, akafunga, akakivuta taratibu. Kikitoka bila kushikwa, upande ule haubani. Hufanya hivyo pande zote za tundu, mbele, nyuma, kulia na kushoto.

Vitakia hushikamana na vifuniko vyake kwa lakiri ile ile tuliyoitaja. Kitakia kikiwa kimeinama, fundi hukipasha moto kifuniko kwa mwale mdogo mpaka lakiri ilainike, akakisogeza kitakia mpaka kilale sawa, akakifunga juu ya tundu na kukiacha kipoe. Mdomo wa tundu huacha alama ya mviringo juu ya ngozi, nayo ikiwa ya kina kimoja pande zote, kazi ni njema. Kama ngozi imekauka na kupasuka, au imeoza kwa mate, hakuna dawa ila kutia kipya. Moto ukizidi, rangi ya shaba huungua, na tajiri wa ala hasahau.

Kisha kuna kamani, yaani springi ndogo, nyingine nyembamba kama sindano, nyingine bapa. Hizo ndizo zinazorudisha vifuniko mahali pake kidole kikiinuka. Kamani dhaifu hukiacha kifuniko kikipepea. Kali mno huchosha mkono. Fundi huikunja kidogo tu, kwa koleo jembamba, akijaribu kwa kidole kila mara. Tena vifuniko vingine hufungwa viwili pamoja kwa wenzo mmoja, na katikati yao huwekwa kipande kidogo cha gamba la mti wa kizibo. Gamba hilo likilika kwa unene wa karatasi, kifuniko kimoja hutangulia kufunga na cha pili hubaki wazi. Mpigaji haoni lolote kwa macho. Husikia tu kwamba ala yake imekuwa mgonjwa.

Saksafoni ikianguka, shaba hubonyea. Fundi hupitisha tufe la chuma ndani ya bomba, likiwa kwenye ncha ya ufito mrefu, akalisugua na kulisukuma chini ya bonyeo mpaka shaba irudi. Hapigi kwa nguvu, maana shaba ikinyoshwa kupita kiasi hairudi tena umbo lake. Baada ya hapo hutazama kama mdomo wa tundu lililo karibu umepotoka, kwa kuwa kitakia kizuri hakiwezi kufunga tundu lililopinda.

Mambo mengi ya hayo hayangekuwako kama mwenye ala angeitunza. Baada ya kupiga, autoe utete na kuupangusa, avute kitambaa kikavu ndani ya bomba lote, kwa sababu maji ya pumzi ndiyo adui wa kwanza wa vitakia. Shingo ya juu, palipovikwa gamba la kizibo, apapake mafuta mazito kidogo ili kipande cha mdomoni kiingie bila kulazimishwa. Penye vyuma vya kuzungukia atie tone moja la mafuta mepesi, wala yasifike kwenye ngozi. Asiinue ala kwa kushika nyenzo zake. Na katika miji ya pwani yetu, kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, hewa ya chumvi hutia kutu kamani za chuma upesi. Huko mwenye ala ana sababu zaidi ya kuiweka sandukuni mwake, iliyokaushwa vema.

Turudi Paris. Mafundi wa mji huo hawakumfurahia kijana mgeni aliyekuja kuwanyang'anya kazi. Mwaka 1843 mtungaji Donizetti alitaka ala ya Sax itumike katika mchezo wake wa kuimba, na wapigaji wakakataa katakata kukaa pamoja nayo. Mtungaji akalazimika kuacha. Wafanyakazi wa Sax wakashawishiwa kumwacha. Husimuliwa hata kwamba mmoja wao aliuawa usiku mlangoni, kwa kudhaniwa ni yeye.

Serikali ya Ufaransa ilikuwa inataka kutengeneza upya bendi za jeshi, na tarehe 22 Aprili 1845 pakafanyika shindano mbele ya watu wengi sana katika uwanja wa Champ de Mars. Upande mmoja ilisimama bendi ya ala za zamani, ikiongozwa na Carafa, mkuu wa chuo cha muziki wa jeshi. Upande wa pili bendi ya Sax, yenye tarumbeta zake mpya za namna mbalimbali. Asubuhi ile wapigaji saba wa Sax hawakuonekana. Adui zake walikuwa wamewahonga. Bendi yake ikapiga ikiwa pungufu, na Sax mwenyewe akafika na ala mbili ili kuziba pengo. Watu wakampa ushindi kwa kelele zao, na baadaye mwaka ule serikali ikaamuru ala zake ziingie katika bendi za jeshi.

Kwa muda alikuwa tajiri. Mwaka 1846 akapata hati ya saksafoni, si moja tu, bali jamaa nzima, ndogo za sauti nyembamba hata kubwa za sauti nzito. Papo hapo adui zake wakaungana, wakaenda mahakamani kuiondoa hati hiyo. Kwanza walidai kwamba ala kama hiyo haipo wala haiwezi kuwapo. Walipoonyeshwa ipo, wakadai kwamba ilikuwako tangu zamani katika nchi nyingine. Wakafika hata kununua saksafoni za Sax, kufuta jina lake katika shaba, na kuzipeleka ng'ambo ili zirudi zikiwa na chapa ya wengine. Werevu kama huo ungeweza kutumika katika kazi ya maana. Kesi hizo zikachukua miaka mingi, na mwaka 1854 mahakama ya mji wa Rouen ikampa haki. Lakini wanasheria hulipwa, ushinde ushindwe.

Kabla ya hukumu hiyo mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Mwaka 1848 Wafaransa walimwondoa mfalme wao, na amri za jeshi juu ya ala za Sax zikafutwa pamoja na mengine. Waliomkopesha wakadai fedha zao, na mwaka 1852 akafilisika. Aliponyanyuka tena ilikuwa kwa msaada wa Kaisari mpya, Napoleon wa Tatu, aliyemfanya mwaka 1854 mtengenezaji wa ala wa askari wa nyumba yake. Ndipo ugonjwa ukamwingia, nao ulimshika penye mdomo, mahali mpigaji wa ala ya kupuliza anapouhitaji mwili wake zaidi. Uvimbe ulianza mdomoni, ukazidi mwaka hata mwaka, hata akawa hawezi kula sawasawa. Madaktari walitaka kumkata sehemu ya uso. Badala yake akaenda kwa mganga aitwaye Vriès, mzaliwa wa Surinam, aliyejulikana mjini Paris kwa jina la Daktari Mweusi, akatibiwa kwa dawa zake za majani. Mwaka 1859 uvimbe ukawa umekwisha. Madaktari wa Paris walimwita mganga huyo mdanganyifu, wakamshitaki. Sax hakuacha kumshukuru.

Tangu mwaka 1857 alikuwa mwalimu wa saksafoni katika chuo kikuu cha muziki cha Paris, akiwafundisha vijana wa jeshi. Nadhani hii ndiyo kazi yake iliyofaa kuliko zote baada ya ala yenyewe, kwa sababu ala isiyo na wapigaji huwa chuma cha kuwekwa rafuni. Vijana wale waliporudi katika vikosi vyao waliwafundisha wengine. Mwaka 1870 vita vikazuka kati ya Ufaransa na Prussia, darasa likafungwa, na vita vilipokwisha halikufunguliwa tena maisha yake yote.

Muda wa hati yake ya saksafoni ulikoma mwaka 1866. Tangu siku ile kila fundi alikuwa huru kuifanyiza, na wengi wakafanya hivyo. Wengine walikuwa wale wale waliodai kwamba haiwezekani. Kwa haki, wengine wao waliitengeneza vizuri zaidi. Waliongeza vifuniko, wakarahisisha njia ya vidole. Saksafoni za kwanza zilikuwa na vifuniko viwili vya kurushia sauti juu, na kidole gumba kilipaswa kuchagua. Baadaye mafundi wakaviunga ili vijichague vyenyewe. Nyenzo zikazidi, na kazi ya kuzitengeneza ikazidi pia.

Sax akafilisika mara ya pili mwaka 1873, na mara ya tatu mwaka 1877. Mara hiyo waliomdai hawakuridhika na vyombo vya karakana. Alikuwa na mkusanyo wa ala 467, za nchi nyingi na za zamani nyingi, alizokuwa amezikusanya kwa miaka mingi. Ukatangazwa mnada, zikauzwa moja moja. Katika uzee wake aliandika kuomba haki kwa watu wote, akieleza kesi zake, madeni yake na kazi aliyoifanyia Ufaransa, na rafiki wachache wakampatia posho kidogo. Tarehe 7 Februari 1894 akafariki mjini Paris, akazikwa katika makaburi ya Montmartre.

Karakana ikashikwa na mwanawe, nayo ikadumu ingawa ilikuwa ndogo, hata mwishoni mwa miaka ya 1920 ikanunuliwa na nyumba ya Henri Selmer, ambayo mpaka leo hufanyiza saksafoni nchini Ufaransa. Wakati huo Wamarekani walikuwa wamekwisha kuipenda ala hii kupita kiasi, wakiipiga katika muziki wa jazi. Na kutoka huko ikaenea duniani, ikafika Leopoldville, Nairobi na Dar es Salaam pamoja na bendi za dansi. Saksafoni kadhaa zilizotoka mkononi mwa Sax zimehifadhiwa katika jumba la ala za muziki mjini Brussels, mji wa karakana ya baba yake. Umbo lao ni lile lile tunaloliona leo, na jina lake lingalipo, limechongwa katika shaba penye mdomo mpana wa ala.